Mandolini yangu inalia juu, sauti zetu ziko chini

Salaam Fundi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi karibu na soko la Luanda, Vihiga. Wikendi naimba na wenzangu: tuko wanaume watatu wenye sauti nzito na mama mmoja wa alto. Watu hutuita kwenye harusi, matanga na siku za kufunga shule. Ala yetu ni moja tu, mandolini niliyoachiwa na mjomba aliyefanya kazi Mombasa hadi alipostaafu. Yeye ndiye aliyenifundisha, na vidole vyangu havijui kitu kingine. Gitaa la kawaida nimelijaribu, lakini nyuzi zake zilivyopangwa hunichanganya.

Shida ni kwamba mandolini inalia juu, sisi tuko chini. Tukianza ubeti utadhani muziki unatoka nyumba ya jirani. Kwenye matanga ya juzi mzee mmoja aliuliza ni simu ya nani inayoita. Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini nilirudi nyumbani nikiwaza.

Nataka ala yenye nyuzi za jozi, maana ule mlio wa nyuzi mbili zikipigwa pamoja ndio unaotutambulisha, ila iwe ya chini. Kikundi kimechanga shilingi 20,000. Nimepewa mashauri, na kila mtu anaapa lake ndilo. Fundi mmoja wa mjini anasema nisinunue chochote, nimpelekee mandolini hiyohiyo aifunge nyuzi nene na kuishusha. Mpwa wangu anayesoma Uingereza anasema huko kuna ala iitwayo mandola, na akija Desemba atanibebea moja iliyotumika, ila bei hajui. Kisumu nako nimeona gitaa la nyuzi 12 lililotumika, muuzaji anataka 14,000. Mweka hazina wetu anasema hayo yote ni anasa, tununue gitaa la nyuzi sita tumalize maneno.

Pesa ni ya watu wanne, na ikipotea jina litakalotajwa ni langu. Nifanyeje?

Mwalimu, Luanda

*

Mwalimu,

Nianze na shauri la huyo fundi wa mjini, kwa sababu ndilo lenye hatari: usikubali.

Uzi wa chini kabisa wa mandolini yako ni G, sauti ileile ya uzi wa tatu wa gitaa ukipigwa wazi. Chini ya hapo mandolini haina kitu. Nyinyi wanaume watatu mkiimba besi, sehemu kubwa ya wimbo inapita chini ya hapo, ndiyo maana yule mzee alisikia simu. Mnahitaji kushuka oktava nzima, yaani hadi noti ya jina lilelile, ngazi nane chini. Sasa, uzi ukiushusha oktava, mitetemo yake inapungua nusu, lakini mvuto unaoukaza haupungui nusu, unabaki robo. Uzi wa namna hiyo unalegea na kugonga freti, vile vyuma vilivyovuka shingo. Kuurudishia mvuto wake bila kurefusha shingo, itabidi unene uwe maradufu. Uzi wa G wa mandolini una unene wa inchi 0.040 hivi, fundi wako atalazimika kukufungia wa 0.080, yaani uzi wa gitaa la besi, kwenye shingo ambayo kutoka kichwani hadi darajani ina sentimita 35 tu. Hautaimba. Utasema tup, tup, na kile kisanduku kidogo hakitaweza kuukuza. Kuuingiza uzi huo atapanua pia mifereo ya kichwani kwa tupa, na nyuzi zako za kawaida hazitakaa tena. Mandolini ya mjomba iache ilivyo.

Kwa hiyo usiulize kwanza jina la ala. Uliza urefu. Chukua tepu ya mshonaji, pima kutoka kipande cha mfupa kinachoshika nyuzi kichwani hadi ulimi wa daraja, kile kipande chembamba kinachobeba nyuzi juu ya kasha. Mandolini ni sentimita 35. Mandola ya kawaida ni 42 au 43. Mandolini ya oktava, ambayo ndiyo hasa unayoitafuta bila kuijua, huwa kati ya 51 na 58. Buzuki ya Ireland, ala nyingine ya jozi nne, inaanzia kama 60 na kufika hata 68. Kadiri shingo inavyorefuka, ndivyo uzi wa wastani unavyoweza kushuka bila kulegea, na ndivyo vidole navyo vinavyopata kazi. Hilo la vidole nitalirudia, kwa sababu litakuuma.

Mpwa wako ana nia njema, lakini anatafuta kitu chenye majina mawili. Kuna mandola ambayo uzi wake mnene ni C: iko chini ya mandolini kwa noti tano tu ukihesabu G, F, E, D, C. Na kuna ala ambayo Ulaya wengi wanaiita mandola pia, lakini uzi wake mnene ni G ya oktava nzima chini. Hii ya pili ingekufaa sana. Mwambie amuulize muuzaji mambo mawili: uzi mnene ni noti gani, na urefu ni sentimita ngapi. Akijibiwa C na 43, aachane nayo. Mtakuwa mmelipa pesa nyingi kwa kushuka ngazi chache. Akijibiwa G na 54, basi tatizo linabaki bei. Zipo za bei nafuu. Kiwanda cha Hora cha Reghin, Romania, kinajulikana kwa hizo. Lakini hata hizo zikiwa mpya zinapita 20,000 kabla hujafikiria ndege na ushuru. Iliyotumika inaweza kupatikana kwa kubahatisha, na pesa za kikundi si za kubahatisha. Usimtumie hata shilingi kabla hajakuletea bei kamili, picha ya shingo kwa ubavu, na hivyo vipimo viwili.

Mjomba wako, kwa vile alikaa Mombasa, huenda angekutajia udi. Nao una nyuzi za jozi na sauti nzito ya kupendeza, na marehemu Zein l'Abdin, mwanataarabu wa Mombasa, aliupiga kwa namna ambayo sijachoka kuisikiliza. Ila udi hauna freti. Ni ala ya kuanza upya kama mtoto, nawe una harusi za kupigia.

Mweka hazina naye msimwone mbishi. Eneo hili letu limejaa watu waliofanya makubwa kwa gitaa la nyuzi sita. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, na wapigaji wa omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya, waliomfuata, walikuwa na gitaa moja, chupa ya soda ya kugongwa, na kidole gumba kilichojua kazi ya nyuzi nene. Hakuna aliyelalamika kwamba muziki hauna sakafu. Lakini wewe unasema mpangilio wa gitaa unakuchanganya na mlio wa jozi ndio alama yenu. Hizo ni sababu za kweli. Mwambie mweka hazina kwamba atapata gitaa lake, ila mtalitumia vingine.

Kwa maana jibu langu ni lile gitaa la Kisumu, likipita ukaguzi.

Lilivyo sasa halikufai. Gitaa la nyuzi 12 lina jozi sita zilizopangwa kama gitaa la kawaida, E A D G B E. Jozi mbili nyembamba zina sauti moja, na jozi nne nene kila moja ina uzi mkubwa na mwenzake wa oktava ya juu. Ukilipiga hivyo utarudi palepale pa kuchanganyikiwa. Wewe toa nyuzi zote, ufunge nane tu, jozi nne: G, D, A, E. Vidole vyako vinaujua mpangilio huo. Ni mandolini iliyoshuka oktava. Na kwa kuwa urefu wa gitaa kama hilo ni sentimita 65 hivi, kwa kweli utakuwa na kitu cha ukoo wa buzuki ya Ireland. Usidhani ni ujanja wa kimaskini. Buzuki yenyewe ni ya Wagiriki. Katikati ya miaka ya 1960 Johnny Moynihan aliiingiza katika muziki wa Ireland, wakabadilisha nyuzi zake zifuate nyimbo zao, na leo wengi huko hawaitofautishi na ala za nyumbani.

Nyuzi ndizo zingekuwa kikwazo, maana seti ya mandolini ya oktava sijui utaipata duka gani kati ya Kakamega na Kisumu. Huihitaji. Nunua seti mbili za nyuzi za gitaa la kawaida la chuma, zile ambazo uzi mwembamba kabisa ni wa inchi 0.011. Kila seti chukua uzi wa kwanza, wa pili, wa nne na wa tano. Wa kwanza ni E, unabaki E. Wa pili ni B, ushushe hadi A. Wa nne ni D, unabaki D. Wa tano ni A, ushushe hadi G. Kwa kuwa una seti mbili, kila mmoja una pacha wake, na jozi zako nne zimekamilika. Wa tatu na wa sita zitabaki. Mpe jirani mwenye gitaa, watu wa gitaa hawakatai uzi. Kila uzi ukikatika miaka ijayo utaupata dukani Luanda kwenyewe bila kuagiza.

Kuna faida nyingine hapo. Gitaa la nyuzi 12 likikazwa hadi E yake ya kawaida linavutwa kwa nguvu inayozidi kilo 100 kwa jumla, na ndiyo maana mengi ya bei rahisi yanavimba tumbo na daraja kung'oka. Wapigaji wengi huyashusha ngazi moja nzima, hadi D, na hapo tu mvuto unapungua kwa moja ya tano. Nyuzi zako nane kwa mpangilio niliokupa zitavuta kilo 80 hivi. Gitaa lililochoka kidogo linaweza kuishi hivyo miaka mingi.

Kazi ya fundi ni ndogo lakini iwe safi. Kile kipande cha mfupa cha kichwani kina mifereo 12. Unataka kingine chenye mifereo minane iliyojipanga jozi jozi, milimita mbili na nusu hadi tatu kati ya uzi na pacha wake. Mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kukaushwa unatosha kabisa. Darajani kuna matundu 12. Tumia manane yanayoelekea karibu na mahali unapotaka jozi zako, kisha akate vijifereo vyepesi kwenye ulimi wa mfupa ili nyuzi zikae kwenye nafasi zake. Asitoboe matundu mapya. Akianza kuzungumzia drili, chukua gitaa lako uondoke.

Sasa hilo la vidole. Kwenye mandolini, kutoka kichwani hadi freti ya saba ni sentimita 12 hivi. Kwenye shingo ya 65 ni karibu 22. Zile melodi unazopiga bila kufikiri, kidole kimoja kikihudumia freti mbili, hazitapatikana hivyo. Itabidi kila kidole kiwe na freti yake, na kidole cha mwisho, ambacho nina hakika umekifuga bure miaka yote, kianze kazi. Mwezi wa kwanza utachukia. Ila hukununua ala hii kwa ajili ya melodi za mbio, uliinunua iwabebe waimbaji, na kodi za kubeba, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zipo karibu na kichwa. Ukihesabu kutoka uzi mnene, nambari ikiwa freti ya kubana na 0 uzi wa wazi: G ni 0-0-2-3, C ni 0-2-3-0, D ni 2-0-0-2, na E ndogo ni 0-2-2-0. Unazijua tayari. Zote ziko ndani ya freti tatu, na nyuzi za wazi zinaendelea kuvuma chini ya sauti zenu. Wimbo wa G ukiupiga hivyo, mama wa alto ataanza kusikia wapi pa kusimama. Wengine hushusha pia jozi nyembamba kutoka E hadi D, ikawa G D A D. Uvumi unakuwa mnene zaidi, lakini kodi ulizozoea zinavunjika. Ngoja kwanza.

Nunua na kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja. Ukiibana freti ya tano, ala yako inakuwa C G D A, yaani sawa na ile mandola ya C, na urefu unaobaki ni kama sentimita 49, mkono unapumua. Mtaitumia nyimbo ambazo mama ndiye anayeongoza.

Ukienda Kisumu nenda mchana, na usiende na mtu anayekuharakisha. Shika gitaa kama unalenga bunduki, jicho kwenye kichwa ukitazama kuelekea daraja: shingo iwe karibu kunyooka, isipinde kama upinde wala kujisokota upande mmoja. Kujisokota hakuna dawa ya bei yako. Kisha bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya kumi na nne kwa pamoja, utazame nafasi iliyopo chini yake karibu na freti ya saba; unene wa kadi ya biashara ni sawa. Nyuzi zikiwa zimeinuka zaidi ya milimita nne kwenye freti ya 12, na ulimi wa daraja ukawa tayari umesagwa hadi umekwisha, basi shingo imeanza kuegemea mbele. Liache hapo.

Daraja lipimwe kwa karatasi. Ikiingia chini yake kwa nyuma, limeanza kung'oka. Kubandua na kugundisha upya kunawezekana, lakini bei ishuke ipasavyo. Tazama pia pale shingo inapoungana na kasha. Ufa hapo ni sababu ya kuaga. Mkunjo mdogo wa tumbo nyuma ya daraja usikutishe, gitaa la nyuzi 12 lisilo na tumbo kabisa ni nadra. Ubao wa juu wa tabaka zilizogundishwa nao usikutishe. Kwa mvua zetu na joto la Kisumu unastahimili kuliko ubao mmoja mzima, hata kama mlio wake ni mkavu kidogo.

Halafu hesabu funguo za kichwani. Muuzaji anauza 12, wewe unahitaji nane. Zikiwepo mbili zinazoteleza na moja iliyovunjika kishikio, hiyo ni shida ya mnunuzi mwingine, si yako, lakini wewe mwoneshe zote kwa uso wa huzuni. Hapo 14,000 haiwezi kusimama. Mimi ningeanzia 9,000 na nisipite 12,000. Mkikosana, msiwe na haraka. Magitaa ya nyuzi 12 hukaa sana kwa wauzaji kwa sababu watu wengi hushindwa kuyatuni, wakarudi kwenye sita.

Kutuni kwenyewe tumia programu ya simu kwa uzi wa kwanza wa kila jozi, kisha pacha wake umfuatishe kwa sikio hadi ule mtikisiko wa sauti uishe. Mambo mengi ya jozi yanaharibikia hapo: ala nzuri, nyuzi mpya, na mapacha wasiosikilizana.

Kitakachobaki kwenye 20,000 kilipe seti mbili za nyuzi, kazi ya mfupa na kapo, na andikeni kwenye daftari la kikundi kwamba gitaa ni la wote wanne. Mandolini ni yako, na endelea kuja nayo. Mmoja wa wenzako akijifunza zile kodi nne, wewe utarudi kwenye mandolini juu yake, na hapo mlio wake hautakuwa simu tena.

Muulize muuzaji pia kama gitaa lina mfuko wake. Kichwa cha nyuzi 12 ni kirefu, mifuko ya kawaida haifungi zipu, na hadi Luanda usikubali makanga alitupe juu ya matatu.